UZI: Umekosa nafasi ya mafunzo Disney World ukiwa chuoni Marekani? Soma hapa kabla ya kuomba tena

Mwanahawa_TX

Habari zenu wakuu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Misimu ya maombi ikifunguliwa napata ujumbe mwingi kutoka kwa vijana wetu wanaosoma Marekani, na wengi wanauliza jambo moja: "Dada, niliomba Disney nikakosa. Niombe tena au niachane nayo?" Nimewajibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa naona bora niliweke jukwaani, na wenye uzoefu wao waongezee.

Jibu langu: omba tena, ila usirudishe fomu ile ile. Wengi ninaowaona wakirudia wanachofanya ni kusubiri tu. Msimu ukifunguliwa wanajaza walichojaza mwanzo, wanaomba dua, wanakaa. Kati ya ombi la kwanza na la pili lazima kuna kitu kimeongezeka kwako, na msomaji wa fomu akione bila kukitafuta.

Kwa ambao hawaijui: Disney College Program ni mpango wa wanafunzi wa vyuo vya Marekani kwenda kufanya kazi ya mshahara kwa miezi kadhaa kwenye bustani za burudani na hoteli za Walt Disney World, karibu na Orlando, Florida. Eneo lenyewe ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, karibu kilomita za mraba 100, lina bustani kuu nne: Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Wafanyakazi ni zaidi ya 70,000. Ndani ya idadi hiyo, wanafunzi wanashika kazi za mstari wa mbele: kuendesha vivutio (michezo wanayopanda wageni), kuuza vyakula, kuuza madukani, kufagia viwanja, kutandika vyumba vya hoteli, kulinda waogeleaji kwenye mabwawa, kuwapanga watoto wanaosubiri kupiga picha na Mickey. Usije ukadhani unakwenda kuchora filamu. Mafunzo ya fani, kwa maana ya uhandisi, fedha au usanifu, yapo, lakini ni mlango mwingine na maombi yake ni tofauti.

Sharti la msingi: uwe umefikisha miaka 18, uwe umesajiliwa kwenye chuo chenye ithibati Marekani, uwe umemaliza angalau muhula mmoja, na uwe na haki ya kufanya kazi nchini humo. Hilo la mwisho nitalirudia chini, kwa kuwa ndilo linalowaumiza wenzetu wengi.

Maombi yenyewe huenda hivi. Unajaza fomu mtandaoni na kuonyesha kazi unazozitaka na kiwango unachozitaka. Ukipita unatumiwa dodoso la kujibu kwa kompyuta, maswali mengi ya haraka ya "nakubali sana, nakubali kiasi, sikubali". Kuna misimu na kuna kazi ambazo baada ya hapo unapigiwa simu ya usaili. Halafu unasubiri. Hatua zinabadilika msimu hadi msimu, kwa hiyo fuata barua pepe uliyotumiwa wewe, usifuate simulizi ya aliyekwenda miaka mitano iliyopita, na yangu ikiwemo.

Sasa nije kwenye moyo wa jambo, yaani orodha ya kazi.

Mimi nasoma uhasibu, chuo cha serikali huku Texas. Wazazi walipata grinkadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) kwa bahati nasibu ya viza, kwa hiyo suala la kibali halikunisumbua. Nimekosa na nimepata, na nimekaa na wadogo zangu wengi wakijaza fomu zao. Ninachokiona kila mara ni kijana anayeweka alama ya "nataka sana" kwenye vivutio na kwenye wahusika wa katuni, kisha kote kwingine anaweka "sitaki". Fikiria upande wa mwajiri. Ana maelfu ya wanafunzi wanaotaka vivutio, na ana majiko, madampo ya taka na vitanda vya hoteli vinavyohitaji watu kila siku ya Mungu. Ombi lako linasema uko tayari kwa sehemu ndogo tu ya kazi aliyonayo. Kabla hajasoma jina lako, nafasi yako imeshakuwa finyu.

Hapa naomba nieleweke. Sisemi weka "nataka sana" kila mahali. Usiweke usichoweza kukifanya. Kama hujui kuogelea, achana na uokoaji, kuna mtihani wa majini. Kama mgongo unakusumbua, usafi wa vyumba utakumaliza. Lakini kaa chini ujiulize kwa dhati: chakula naweza? Usafi wa viwanja naweza? Duka naweza? Kila unachokiweza kwa moyo, kionyeshe. Na kazi ya kuvaa mavazi ya wahusika haina maana ya kuweka alama tu, ina usaili wake wa majaribio, na urefu wako unahesabiwa.

La pili ni kilichotokea kati ya ombi na ombi. Ukikosa msimu wa Januari, una miezi mbele yako hadi msimu unaofuata. Itumie. Tafuta kazi yoyote inayokukutanisha uso kwa uso na wateja: mgahawa wa chuo, dawati la maktaba, duka la vyakula, kusaidia wageni kwenye siku za wazi za chuo. Mimi niliingia kwenye mgahawa wa chuo, kaunta ya kifungua kinywa, zamu ya alfajiri. Msimu uliofuata nilikuwa na la kusema: mteja mwenye mzio wa karanga, foleni iliyofika mlangoni siku ya mitihani, mashine ya kahawa iliyokufa saa moja asubuhi. Hayo ndiyo wanayoyatafuta. Mapenzi ya katuni kila mwombaji anayo, hayakutofautishi na mtu.

La tatu, dodoso. Watu wanalichukulia kama mtihani wenye majibu ya siri, wanazunguka mtandaoni kutafuta "majibu sahihi". Hakuna haja. Linapima mambo ya wazi: unawahi kazini, unavumilia mteja mkali, unafuata utaratibu, unafanya kazi na wenzako. Jibu kwa msimamo. Anayejibu "kiasi" kila swali anaonekana hajui anachokitaka, na anayejibu swali moja hivi na pacha lake vile anaonekana hasemi kweli. Kaa mahali penye mtandao wa uhakika, zima simu, fanya kwa mkupuo mmoja.

La nne ni simu ya usaili. Disney wanafundisha vipaumbele vyao kwa mpangilio, na usalama unakuja mwanzo, kabla ya ukarimu, kabla ya mandhari ya maonyesho, kabla ya kasi ya kazi. Miaka ya karibuni wameongeza na ujumuishi. Mambo haya wameyatangaza wenyewe, si siri. Ukiulizwa, "Mtoto amepotea na analia, utafanyaje?" jibu linaanzia kwenye usalama: nabaki naye, naita kiongozi wangu, namtuliza wakati tunasubiri. Jibu la "nitamshika mkono tuzunguke kumtafuta mama yake" linatoka kwenye moyo mzuri, lakini unamhamisha mtoto kutoka mahali ambapo mzazi atarudi kumtafuta.

Na tabasamu. Kwenye simu sauti ya mtu anayetabasamu inasikika. Sisi tumelelewa kuzungumza na wakubwa kwa sauti ya chini na majibu mafupi, hiyo ni adabu yetu na ni njema. Lakini huyu wa upande wa pili anatafuta mtu atakayesalimia wageni elfu kwa siku. Fungua sauti.

Mwisho kwa leo: kukosa si hukumu juu yako. Machi 2020 mpango mzima ulisimamishwa kwa sababu ya korona. Wanafunzi waliokuwa tayari kazini, waliofaulu kila hatua, walifungasha mabegi na kurudi makwao. Ulirudi Juni 2021. Nafasi zinategemea mahitaji ya msimu ule, kazi zilizo wazi na ni wangapi wameomba. Mengi hayako mikononi mwako. Shughulika na yaliyo mikononi mwako.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu ninayoyajua.

Kijana_wa_Ujiji

Dada Mwanahawa, asante sana, nimeweka kambi hapa. Mimi niko Louisville, Kentucky. Tulizaliwa kambini Nyarugusu, tukaletwa Marekani kama wakimbizi. Nasoma chuo cha jamii, kile cha miaka miwili. Je, chuo cha jamii kinakubalika? Na sina bado uraia, itakuwaje?

Mwanahawa_TX

Karibu sana mdogo wangu. Chuo cha jamii chenye ithibati ni chuo, usijidharau. Kuhusu hadhi yako, mkimbizi aliyepokelewa na Marekani ana haki ya kufanya kazi tangu siku anayoingia, na akishakaa mwaka mmoja anatakiwa aombe grinkadi. Uraia si sharti la kufanya kazi. Kusanya karatasi zako mapema na hakikisha tarehe hazijapita. Usisubiri ofa ije ndipo uanze kutafuta kadi iliyopotelea kwa shangazi.

Mama_Nassoro

Mimi ni mama, niko Dar es Salaam, binti yangu yuko huko mwaka wa pili. Nisameheni nikisema wazi. Tumeuza kiwanja mtoto akasome. Sasa ananipigia simu anataka kuacha muhula mzima akafagie kwenye bustani ya watoto. Mwanangu Mwanahawa, ungekuwa wewe ndiye mzazi, ungemwambia nini?

Mwanahawa_TX

Shikamoo mama. Uchungu wako ni wa haki kabisa, na mama yangu mzazi aliniuliza hivyo hivyo.

Mama, ningemuuliza binti mambo matatu kabla ya kukubali au kukataa. La kwanza, je, chuo chake kinampa alama za masomo kwa kipindi hicho, au anarudi akiwa nyuma ya wenzake? Vyuo vingine vinatoa, vingine havitoi, na ofisi ya idara yake ndiyo inayojua. La pili, ufadhili wake. Kama ana ruzuku au punguzo la ada linalomtaka asome muda wote, muhula mmoja nje unaweza kulikata. Kama ana mkopo wa serikali ya Marekani, akishuka chini ya nusu ya mzigo wa masomo, ile miezi 6 ya kusubiri kabla ya kuanza kulipa huanza kuhesabiwa. La tatu, viza. Kama alikwenda kwa viza ya mwanafunzi, F-1, asithubutu kuacha muhula bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Hapo hakuna mjadala, anaweza kupoteza hadhi yake yote ya kukaa nchini.

Akijibu yote matatu kwa karatasi, si kwa mdomo, basi mama mpe baraka zako. Kufagia si aibu. Atajifunza kuwahi, kusimama kwa muda wa saa nane, kuishi na wageni wa kila taifa na kuzungumza na mtu aliyekasirika bila yeye kukasirika. Lakini asipokuwa na majibu, mwambie asubiri likizo ndefu.

Mama_Nassoro

Marahaba mwanangu. Nimeyaandika yote matatu kwenye daftari. Leo usiku ananipigia.

Mkokotoaji

Natofautiana na mleta uzi, kwa heshima. Mimi ni mhandisi, nimesoma huku na nimeajiri huku. Kijana wa uhandisi au uhasibu akiniletea CV yenye miezi ya kuuza soda kwenye bustani, na mwenzake akaniletea miezi ya fildi kwenye kampuni ya fani yake, namchukua wa pili bila kufikiri. Hizi kampuni kubwa zinapata vijana wachangamfu kwa mshahara wa chini, halafu kodi ya chumba inakatwa humo humo kwenye mshahara. Tuwaambie vijana ukweli.

Mwanahawa_TX

Mkuu, nusu ya uliyosema nayaunga mkono. Mwenye ofa ya fildi kwenye fani yake mkononi aende huko, asije Florida kwa ajili ya picha. Na kodi, ni kweli, malazi ya wanafunzi yapo Flamingo Crossings Village, majengo yaliyofunguliwa 2021, unagawana nyumba na wenzako na kodi hukatwa kila wiki kwenye mshahara. Kima cha chini cha Florida kimekuwa kikipanda baada ya kura ya 2020, kinafika dola 15 kwa saa Septemba 2026. Kila mtu apige hesabu yake: saa atakazopewa, atoe kodi, atoe chakula. Asiyebaki na kitu cha kuridhisha asiende kwa matumaini ya kujilimbikizia.

Nusu nyingine sikubaliani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiye na uzoefu wowote, nani atampa fildi ya uhandisi? Wengi wetu hatuna mjomba kwenye kampuni. Kwa huyo, kazi ya kukutana na watu ni mlango halali, na akiwa ndani anaweza kuona matangazo ya mafunzo ya fani na kujifunza yanaombwaje. Mimi mhasibu nilijifunza mengi kwa kufunga hesabu za rejista usiku na kutafuta senti iliyopotea kuliko nilivyojifunza kwenye muhula mmoja wa vitabu.

Mkokotoaji

Hilo la mwaka wa kwanza nakubali. Kwa mwaka wa tatu na wa nne nabaki na msimamo wangu.

Mwanahawa_TX

Mwaka wa nne tuko pamoja mkuu.

Selemani_Mfagizi

Mimi nilifanya usafi wa viwanja Animal Kingdom, nimeona watu wanaikwepa kazi hii kwenye fomu, naomba niitetee.

Mfagizi ndiye mtu anayeulizwa kila kitu. Choo kiko wapi, gwaride linapita saa ngapi, mtoto wangu amedondosha aiskrimu. Huna kaunta mbele yako, huna mashine, unazunguka na ufagio wako na unaongea na dunia nzima. Wapo wenzangu waliokuwa wanachovya ufagio kwenye maji na kuchora Mickey au Goofy sakafuni, watoto wanakusanyika, wazazi wanapiga picha, na baada ya dakika chache jua limeshakausha mchoro. Jua la Florida kiangazi si mchezo, na mchana radi na mvua kubwa ni jambo la kawaida. Msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba. Anayekwenda ajue.

Na kule Animal Kingdom kuna kijiji cha kuigiza kinaitwa Harambe. Wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri Afrika, na nyumba zile zimefuata majengo ya Lamu: kuta zilizochubuka, milango ya mbao, vibao vya Kiswahili. Safari ya kuona wanyama inaitwa Kilimanjaro Safaris. Hoteli ya jirani, Animal Kingdom Lodge, ina migahawa Jiko, Boma na Sanaa. Siku ya kwanza nilisimama pale nikasoma vibao vyote.

Bi_Mkunguni

Selemani umenigusa, mimi ni wa Lamu. Sasa dada Mwanahawa, mtu akiwa Mswahili si aseme tu kwenye usaili anataka Harambe? Hiyo si ndiyo sifa ya pekee?

Mwanahawa_TX

Aiseme, lakini asiifanye sharti. Ofa inakuja na aina ya kazi, kituo unapangiwa na kampuni. Ukisema "nataka Harambe tu" umejifungia tena, sawa na yule wa vivutio tu. Sema hivi: nazungumza Kiswahili na Kiingereza, nimezoea kuwatafsiria wazazi wangu hospitalini na benki, kwa hiyo mgeni asiyejua Kiingereza vizuri simuogopi. Hapo lugha imekuwa uwezo wa kazi, na inakufaa popote watakapokuweka.

Na nina swali la kwako Bi Mkunguni au la dada yeyote aliyewahi kuvaa hijabu kule, kuna anayeuliza kwenye ujumbe wangu hijabu na sare ya kazi vinakwendaje, na mimi sina uzoefu huo.

Bi_Mkunguni

Mimi sikufika Disney, nilifanya kazi kwenye bustani nyingine ya burudani, sitaitaja. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi akupe nafasi ya kutekeleza dini yako kazini, isipokuwa ikimletea mzigo mkubwa. Ushauri wangu: ukishapata ofa, kabla hujasafiri, andika barua pepe ya heshima useme unavaa hijabu na unaomba utaratibu wa sare. Iwe kwa maandishi. Mimi niliwaandikia mapema, nikapewa kitambaa cha rangi ya sare yao na sikupata shida tena. Aliyefika siku ya kwanza bila kusema alikalishwa wiki nzima huku sare yake ikitafutwa, na wiki ile hakulipwa.

Chebet_254

Hamjambo wote. Mimi niko chuo kikuu hapa Kenya, mwaka wa tatu, usimamizi wa hoteli. Natafuta mahali pa atachimenti. Kuna ajenti hapa Nairobi anasema anaweza kuniingiza Disney College Program kwa shilingi laki mbili na nusu. Anadai ana mtu wake ndani. Niamini?

Mwanahawa_TX

Chebet dada yangu, usitoe hata shilingi. Mpango huu ni wa waliosajiliwa kwenye vyuo vya Marekani. Kujaza fomu ni bure. Malipo yapo tu baada ya wewe mwenyewe kupata ofa na kuikubali, yanahusu ada ya kuingia na malazi, na yanalipwa kwenye akaunti yako mwenyewe kwenye tovuti yao. Hakuna "mtu wa ndani".

Ukiwa Kenya njia halali ziko mbili ninazozijua. Moja ni viza ya J-1 ya kazi za kiangazi, kwa wanafunzi wa chuo walio nje ya Marekani waliomaliza angalau muhula mmoja, na kazi haizidi miezi 4. Hiyo hupitia wadhamini walioidhinishwa na wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Wadhamini hao hutoza ada, ni kweli, lakini majina yao yako kwenye orodha ya wazi ya wizara. Jina la ajenti wako, au la mdhamini anayedai kumwakilisha, lisipokuwepo, ondoka. Njia ya pili ni wawakilishi wa utamaduni. Hoteli ile aliyoitaja Selemani imekuwa ikichukua vijana kutoka nchi za Afrika kuja kuwaeleza wageni kuhusu kwao. Viza yake ni Q-1, ukomo wake miezi 15. Angalia matangazo kwenye tovuti ya ajira ya Disney yenyewe. Kwa mtu wa hoteli kama wewe, hii ya pili ndiyo ningeikazania.

Chebet_254

Asante sana. Alikuwa ameniambia nitume nusu kesho asubuhi. Sitatuma.

Mzee_Kibarua

Binti umefanya vyema. Nimeona familia zikilizwa na mawakala wa aina hiyo, mmoja alikuwa wa ukoo wetu kabisa.

Juma_F1

Wakuu, nirudi kwenye F-1. Nasoma utalii, nimeshamaliza mwaka. Chuo kinasema naweza kupata CPT. Inanitosha?

Mwanahawa_TX

CPT ni idhini ya kufanya mafunzo ambayo ni sehemu ya mtaala wako. Inahitaji uwe umesoma muda wote kwa mwaka mmoja wa masomo, kazi ihusiane na fani yako, na afisa wa chuo aiidhinishe kabla hujaanza. Wewe wa utalii una hoja nzuri kuliko mwanafunzi wa kemia. Angalia mambo mawili. Ukifanya CPT ya muda wote kwa miezi 12 au zaidi, unapoteza OPT ya ngazi hiyo ya masomo, yaani kibali cha muda cha kufanya kazi ya fani yako, na hiyo ndiyo itakayokusaidia kutafuta kazi ukihitimu. Pili, kila mwajiri ana maneno yake kuhusu aina ya kibali anachokikubali. Soma sharti la msimu huu neno kwa neno. Wakisema wanataka kibali kisicho na mipaka, CPT ina mipaka, na usijibu "ndiyo" kwenye fomu ukitarajia kueleza baadaye. Jibu lisilo la kweli kwenye suala la kibali litakufuata kwenye kila ombi la viza.

Juma_F1

Nimekuelewa dada. Kesho naenda ofisini kwao na nakala ya sharti lenyewe.

Kijana_wa_Ujiji

Dada, nimekaa na fomu. Nimeweka chakula, usafi na duka kwa kiwango cha juu, vivutio cha kati. Swali la mwisho: nimekuwa nikimsaidia mjomba kwenye duka lake la vyakula vya Kiafrika hapa Louisville, Jumamosi na Jumapili, bila mkataba. Niandike au niache?

Mwanahawa_TX

Andika. Weka jina la duka, mji, mwezi ulioanza, na ulichokuwa ukifanya kweli: kupokea mizigo, kupanga rafu, kukaa kwenye rejista, kuhudumia wateja wa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Usijiite meneja. Mwambie mjomba leo hii kwamba anaweza kupigiwa simu, na akubaliane nawe kuhusu tarehe ili zisipishane. Hizo lugha tatu ziweke juu ya ukurasa, usizifiche chini. Ukimaliza nitumie nakala kwenye ujumbe niipitie kabla hujaituma.